Maji ya Ruzizi: yameanza lini kutupa umeme, na kwa nini wengi wetu tungali gizani

 

Kuna swali moja linalorudi kila mara watu wakizungumza juu ya umeme. Mto ni wetu, ziwa ni letu, mvua kwetu inanyesha karibu miezi tisa kwa mwaka. Kwa nini basi tunalala gizani? Kwa nini mtu aliyekimbia vita analipa pesa kila siku ili simu yake ipate moto, huku nyaya kubwa zinapita juu ya mashamba?

Leo hatutajibu kwa hasira. Tutajibu kwa historia, maana mambo haya yana mwanzo wake, na asiyejua mwanzo hawezi kujua aulize nini.

Volkano ndiyo iliyojenga baraji ya kwanza

Zamani sana, kabla ya Wazungu na kabla ya wafalme wetu, maji ya bonde hili yalikuwa yanateremka upande wa kaskazini, kuelekea ziwa Edward na mto Nile. Kisha volkano za Virunga zikatapika. Mawe ya moto yalipoa, yakaziba njia, na maji yakaanza kujaa nyuma yake kama katika sahani. Ziwa Kivu likapanda, likapanda, mpaka likapata mlango mwingine upande wa kusini. Mlango huo ndio Ruzizi. Wataalamu wa mawe na maziwa wanakadiria kwamba jambo hilo lilitokea miaka kama elfu kumi iliyopita.

Basi ziwa letu lenyewe lilizaliwa na baraji, na baraji hiyo haikujengwa na mtu. Ziwa Kivu liko kwenye urefu wa meta 1,460 hivi juu ya bahari. Ziwa Tanganyika liko kwenye meta 770 hivi. Kati ya maziwa hayo mawili Ruzizi inateremka karibu meta 700, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko hapa juu, katika mabonde membamba kati ya Bukavu na Kamanyola. Anayepita barabara ya Ngomo anauona mteremko huo kwa macho yake.

Mteremko ndio mali. Maji yaliyotulia hayatoi umeme. Yanayoanguka ndiyo yanayosukuma gurudumu la chuma linaloitwa turbini. Turbini inazungusha mashini nyingine, na ndani ya mashini hiyo sumaku na nyaya za shaba zinafanya umeme. Hesabu yake si ngumu. Chukua bidoni 50 za lita 20, ziangushe zote kwa sekunde moja kutoka urefu wa meta 100, na usiache kuziangusha usiku na mchana. Utapata karibu megawati moja. Megawati moja inawasha taa ndogo za wati 10 zipatazo laki moja. Maji yakishapita hayakuungua, hayakupungua, yanaendelea na safari yake hadi Uvira. Ndiyo sababu nguvu ya maji inahesabiwa pamoja na jua na upepo, kama nguvu isiyokwisha.

Umeme wa kwanza ulikuwa wa migodi

Wabelgiji walipoitawala nchi hii hawakuanza na nyumba za watu. Walianza na shaba. Huko Katanga kampuni ya Union Minière ilihitaji nguvu ya kuyeyusha na kusafisha shaba. Mwaka 1930 santrali ya Mwadingusha ilianza kazi kwenye mto Lufira. Baadaye zikaja nyingine: Koni, kisha Nzilo mwaka 1952 na Nseke mwaka 1956, hizi mbili za mwisho kwenye mto Lualaba. Santrali hizo zilipewa majina ya wakubwa wa Kizungu, Francqui, Bia, Delcommune, Le Marinel, na baada ya uhuru majina ya mahali yakarudi. Lufira ilipozibwa, maji yalifunika nchi kubwa, na hadi leo wavuvi wanatega nyavu katika ziwa hilo linaloitwa Tshangalele.

Tunalitaja jambo la Katanga kwa sababu ndilo lililotoa mfano. Santrali ilijengwa kwa ajili ya mgodi, na waya ulitoka mtoni ukaenda moja kwa moja kwenye kiwanda. Kijiji kilichokuwa katikati kiliuona waya, hakikuona taa. Mfano huo haukuisha pamoja na ukoloni, kama tutakavyoona.

Kwetu Kivu mambo yalichelewa. Bukavu, mji ambao Wabelgiji waliuita Costermansville kwa muda, ulikuwa mji wa Wazungu waliopenda hewa baridi, wenye mashamba ya kahawa, chai na kinini. Santrali ya Ruzizi ya kwanza, ambayo wengine wanaiita Mururu, ilianza kutoa umeme mwaka 1958, mwendo wa kilometa chache tu kutoka mahali maji yanapoacha ziwa. Miaka miwili tu baadaye ukaja uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mashini ziliongezwa, na nguvu yake ikafika karibu megawati 30. Kutoka hapo umeme ulikwenda Bukavu, na kwa laini ndefu ya kando ya ziwa ulifika Goma. Bujumbura nayo ilipata sehemu yake.

Fikirini: santrali ya mwaka 1958, iliyojengwa wakati Bukavu ulikuwa mji mdogo, ndiyo ambayo bado tunaitegemea sasa, wakati mji umejaa mpaka juu ya vilima. Watu wanapolalamika juu ya delestaji, yaani leo mtaa huu, kesho mtaa ule, jibu la kwanza liko hapo. Chungu ni kilekile cha babu, lakini wanaokula wameongezeka mara nyingi.

Inga na waya uliopita juu ya vichwa

Mwaka 1970 serikali ilianzisha kampuni ya taifa ya umeme, SNEL. Macho ya Mobutu yalikuwa Inga, kule chini karibu na bahari, mahali mto Kongo unapoteremka karibu meta 100 katika mwendo mfupi. Maji yanayopita pale ni zaidi ya meta za ujazo 40,000 kwa sekunde kwa wastani, na kwa kuwa mto huu unapata mvua za upande wa kaskazini wa ikweta na upande wa kusini kwa nyakati tofauti, haukauki. Hakuna mahali pengine duniani penye nguvu kama hiyo pamoja. Wataalamu wanasema Inga peke yake ingeweza kutoa karibu megawati 40,000.

Inga ya kwanza ilianza mwaka 1972, ikiwa na megawati 351. Inga ya pili ilifuata mwaka 1982, na megawati 1,424. Mwaka huohuo ilimalizika laini kubwa ya kupeleka umeme huo Shaba, yaani Katanga, umbali wa kilometa zaidi ya 1,700. Ulikuwa mmoja wa nyaya ndefu kuliko zote duniani. Ulipita Bandundu, ulipita Kasai, ukafika Kolwezi kwenye migodi. Lakini aina ya umeme uliopita katika waya huo haiwezi kugawanywa njiani kwa urahisi. Inahitaji stesheni kubwa na ya bei kali ili ubadilishwe uweze kuingia nyumbani. Stesheni hizo hazikujengwa vijijini. Kwa hiyo mamia ya vijiji vilibaki gizani chini ya waya. Na koo zilizohamishwa pale Inga ili kupisha kazi ziliendelea kudai haki yao miaka mingi baadaye.

Nchi ikabaki na madeni makubwa, mashini zikakosa vipuri, na leo takriban Mukongomani mmoja tu kati ya watano anapata umeme. Nchi ambayo karibu umeme wake wote unatoka kwenye maji, na yenye maji kuliko nchi zote za Afrika, ni moja ya nchi zenye giza kubwa. Jambo hili halikuletwa na mto.

Nchi tatu, mto mmoja

Kwetu Ruzizi kulitokea jambo ambalo linafaa kukumbukwa, kwa sababu ni jambo jema. Mwaka 1976 Zaire, Rwanda na Burundi ziliunda jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, CEPGL. Mwaka 1983 nchi hizo tatu zilianzisha kampuni moja ya pamoja, SINELAC, ili ijenge na kuendesha santrali ya pili chini kidogo ya ile ya kwanza. Ruzizi ya pili ilianza kazi mwaka 1989, kwa mikopo kutoka nje, na nguvu yake ni karibu megawati 44. Kiti cha kampuni kiliwekwa Bukavu. Umeme unagawanywa kwa nchi tatu.

Kisha ikaja miaka tunayoijua wote. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuja Bukavu na Goma. Mwaka 1996 vita. Mwaka 1998 vita tena. Serikali zilikuwa haziongei, majeshi yalikuwa yanapigana, lakini ile santrali ya nchi tatu iliendelea kugawa umeme wake. Madeni yalilimbikizwa, matengenezo yalichelewa, lakini mashini hazikuachwa zife. Wafanyakazi waliozilinda hawatajwi katika vitabu, lakini kila aliyewasha taa Bukavu, Kamembe ao Bujumbura katika miaka hiyo ana deni kwao. Mtu akisema kwamba watu wa eneo hili hawawezi kumiliki kitu pamoja, mwambie aende aangalie Ruzizi ya pili.

Vita vikigusa waya, maji ya bomba yanakauka

Ndugu wasikilizaji, sehemu hii wengi wenu mnaijua kwa mwili wenu, si kwa kusoma.

Mwezi wa Agosti 1998 waasi pamoja na wanajeshi wa Rwanda walishushwa kwa ndege huko Kitona, magharibi kabisa ya nchi. Wakaenda wakashika Inga na kukata umeme wa Kinshasa. Mji wa mamilioni ya watu ukabaki bila taa, bila maji ya bomba, na hospitali katika taabu. Mwezi wa Juni 2000, Kisangani, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katikati ya raia. Mji ukabaki bila umeme na bila maji safi, watu wakachota mtoni huku mabomu yanaanguka.

Tarehe 22 Mei 2021 haikuwa vita, ilikuwa Nyiragongo. Moto wa mlima ulishuka kuelekea Goma, ukaunguza nyumba, ukakata laini za umeme na mabomba ya maji. Kisha mwezi wa Januari 2025, mapigano yalipokaribia Goma, laini zilikatika tena. Pampu zinazovuta maji kutoka ziwani zikasimama. Watu walioishi kambini na watu wa mji wakashuka pamoja na bidoni zao kwenye ziwa, wakijua vizuri kwamba maji yasiyotiwa dawa yanaleta kolera.

Kwa hiyo tusidhani kwamba umeme ni jambo la televisheni na friji za matajiri. Katika mji kama Goma, umeme ndio unaopandisha maji. Mama asiye na taa hata moja anakunywa maji yaliyopandishwa na umeme. Ukikatika, yeye ndiye wa kwanza kuumia. Anayepiga waya ao santrali anapiga mtungi wa maji wa mtoto, na sheria za vita zenyewe zinakataza kuharibu vitu ambavyo raia hawawezi kuishi bila hivyo.

Mito midogo na makala ya kupikia

Katika miaka kumi hivi iliyopita Kivu ya Kaskazini imeona njia nyingine. Badala ya kungoja baraji kubwa, mbuga ya Virunga ilianza kujenga santrali ndogo kwenye mito inayotoka milimani. Ya kwanza ilikuwa Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, mwaka 2013. Ilikuwa ndogo sana, chini ya nusu megawati. Mwisho wa mwaka 2015 ikaja Matebe, kwenye mto Rutshuru, yenye megawati 13 hivi, na waya wake ukashuka hadi Goma. Baadaye ikajengwa Luviro, upande wa Lubero, kwa ajili ya Butembo na vijiji vya huko. Santrali hizi hazina ziwa kubwa nyuma yake. Maji yanachepushwa kwenye mfereji, yanaanguka katika bomba, yanazungusha turbini, yanarudi mtoni. Vijiji havizamishwi.

Sababu ya mbuga kufanya kazi ya umeme ni makala. Jiko la Goma linapikia makala, na sehemu kubwa ya makala hayo inatoka katika msitu wa Virunga, na faida yake inawalisha watu wenye silaha. Wazo lilikuwa kwamba kijana akipata kazi katika kiwanda cha sabuni ao kinu cha unga kinachoendeshwa na umeme, hatakwenda porini kukata miti wala kubeba bunduki. Wazo ni zuri. Vita vya tangu mwisho wa mwaka 2021 vimeliweka katika majaribu, maana Rutshuru yenyewe iligeuka uwanja wa mapigano, na waya wa Matebe unapita katika nchi ambayo wakaaji wake wengi walikimbia. Umeme ulikuwa unapita juu ya mashamba yasiyo na mkulima.

Maji kati ya ndugu zake

Wasikilizaji wengine wanauliza: kwa kuwa sasa kuna jua, maji yana kazi gani tena? Tuangalie vizuri.

Duniani, hadi mwaka 2024, maji yalikuwa yangali ya kwanza kati ya nguvu zisizokwisha katika kutoa umeme. Karibu sehemu moja kwa saba ya umeme wote wa dunia ilitoka kwenye maji. Upepo na jua vinapanda mbio, lakini bado kila kimoja kilikuwa nyuma yake. Uzuri wa maji ni kwamba yanafanya kazi usiku. Saa moja ya jioni, wakati kila nyumba inawasha taa, jua limekwisha kuzama, lakini Ruzizi haijalala. Na santrali ikitunzwa inaweza kuishi zaidi ya nusu karne. Ruzizi ya kwanza ni ushuhuda.

Ubaya wake ni kwamba inachukua miaka na mamilioni ya dola kuijenga, na inahitaji amani mahali pamoja kwa muda mrefu. Mwaka wa ukame ziwa linashuka na mashini zinapunguzwa. Milima ikikatwa miti, matope yanajaa mtoni. Na waya mmoja ukikatwa, mji mzima unazima.

Jua ni tofauti. Kibati cha jua kinaweza kubebwa kichwani. Kinawekwa juu ya hema, juu ya kituo cha afya, juu ya pampu ya kisima, na hakingojei waya kutoka mbali. Mwanzoni mwa mwaka 2020, mtaa wa Ndosho huko Goma ulipata kituo cha jua cha zaidi ya megawati moja, na taa za barabarani zikawaka mahali ambapo watu walikuwa wanaogopa kutembea usiku. Lakini usiku jua linahitaji betri, na betri ni bei kali. Hata ziwa letu lina nguvu nyingine ndani yake: gesi ya metani. Upande wa Rwanda tayari wanaivuta na kuifanya umeme tangu mwaka 2016. Gesi hiyo lakini inaungua, si sawa na maji.

Basi si maji ao jua. Kwa mji, viwanda na hospitali kubwa, maji ndiyo nguzo. Kwa kambi, kwa kijiji cha mlimani, kwa familia iliyorudi ikakuta nyumba imeungua, jua ndilo linalofika haraka. Anayewaambia wakimbizi wa ndani wangoje baraji anawaambia wangoje miaka kumi.

Kazi iliyo mbele, na ile iliyo mikononi mwetu

Kwa miaka mingi sasa tunasikia habari za Ruzizi ya tatu, karibu na Kamanyola. Mpango wake ni megawati 206, tena kwa nchi tatu, yaani zaidi ya mara mbili ya santrali mbili za sasa pamoja. Ikijengwa, wakaaji wa Kamanyola na uwanda wa Ruzizi wana haki ya kuuliza mapema yale ambayo watu wa Inga hawakuulizwa: nani atahamishwa, atalipwa nini, na je, waya utaacha taa kijijini ao utapita tu? Swali kama hilo linaulizwa kabla ya jiwe la kwanza, si baada ya utepe kukatwa.

Kuna pia jambo lisilongoja serikali. Mvua ikinyesha Bukavu, chupa na mifuko ya plastiki inateremka kutoka mitaa ya juu hadi ziwani, na ziwa linaisukuma hadi kwenye mlango wa Ruzizi. Inarundikana mbele ya santrali, inaziba njia ya maji, na mashini zinasimamishwa ili watu wazamie na kuitoa. Chupa uliyotupa kwenye mfereji asubuhi inaweza kuwa delestaji yako ya jioni. Hapo hatuwezi kumlaumu Mbelgiji wala Mobutu.

Ndugu zetu mlio kambini, najua kwamba historia haiwashi taa. Lakini inafaa mjue kwamba giza mlilomo halikutoka mbinguni. Limetengenezwa na maamuzi ya watu: nani awekewe waya, nani aachwe, nani akate, nani asitengeneze. Lililotengenezwa na watu, watu wanaweza kulitengeneza upya. Mto haujaacha kuteremka, na siku mtakaporudi nyumbani utakuwa ungali unateremka. Mkiulizwa siku hiyo mnataka nini kwa kijiji chenu, pamoja na barabara na shule, semeni pia: tunataka sehemu yetu ya maji haya.

Kaeni salama. Mwandishi wenu, kutoka Bukavu.